Sensa ikidanganya, anayeumia ni mtoto

Ukilea mtoto mwenye mtindio wa ubongo, unajifunza kuheshimu maji ya uvuguvugu. Binti yangu ana miaka sita. Nchi kavu miguu yake hukakamaa, lakini ndani ya bwawa lenye joto la nyuzi 33 hadi 35 misuli hulegea, naye hupiga hatua ambazo sakafuni hawezi. Bwawa la kawaida la kuogelea, lenye nyuzi 26 hadi 28, ni baridi mno kwa mazoezi yake.

Julai iliyopita, katikati ya baridi ya Arusha, hita ya bwawa la kituo tunakompeleka ilianza kujizima. Kioo chake kilionyesha nyuzi 38, ilhali ukitia mkono majini unasikia baridi. Mazoezi yakasimama wiki mbili. Kila usiku nilimkanda miguu, nikaihisi inavyorudi kuwa migumu.

Tuliambiwa hita imekufa, wazazi tuchange inunuliwe mpya. Kijana mmoja akaja na njia ya mkato: aing'oe sensa ya joto, aweke rezista mahali pake, hita iwake. Wazazi kadhaa wakaafiki. Nami, kwa hali niliyokuwa nikiiona nyumbani, nilitamani sana iwe hivyo.

Fundi wa friji tuliyemwita, mzee mpole, alikataa katakata.

"Mama," aliniambia, "ukiweka rezista hapo, hita itaamini maji yana nyuzi 25 siku zote. Itaendelea kuchemsha tu. Wa kwanza kujua kwamba joto limezidi atakuwa mtoto, na huyu wako hawezi kujitoa bwawani."

Hakuna aliyeitaja tena rezista.

Alianza kwa kupima maji kwa kipimajoto cha kawaida: nyuzi 25. Akazima umeme kwenye swichi kuu, akachomoa waya za sensa kwenye hita na kuzipima kwa mita, sensa yenyewe ikiwa bado majini. Alitueleza kwamba sensa ya aina ile hupunguza ukinzani wake kadiri joto linavyopanda. Kwenye nyuzi 25 inapaswa kusoma ohm 10,000. Kwenye nyuzi 38 inashuka chini ya 6,000. Yetu ilisoma 5,800. Ndiyo maana hita ilidhani maji yana joto la kutosha, ikajizima.

Akaitoa, akaitumbukiza kwenye glasi ya maji ya barafu. Hapo ilipaswa kupita ohm 30,000, lakini haikufika hata 10,000. Unyevu ulikuwa umepenya ndani yake. Hita yenyewe haikuwa na shida.

Sensa mpya ya aina ileile ilipatikana kwa sehemu ndogo tu ya fedha tulizoambiwa tuchange. Hata baada ya kuifunga, fundi hakuruhusu mtoto yeyote aingie siku ile. Alishinda pale akilinganisha kipimajoto chake na kioo cha hita mpaka maji yakafika nyuzi 34 na hita ikajizima yenyewe inavyotakiwa.

Wazazi wenzangu, si wengi wetu tunaopeleka watoto kwenye mabwawa ya joto, lakini wengi tuna hita bafuni au sufuria ya maji jikoni. Ngozi ya mtoto ni nyembamba kuliko yetu na huungua upesi. Tangulia kumimina maji ya baridi kwenye beseni, kisha ongeza ya moto. Koroga, halafu pima kwa kiwiko au kipimajoto. Nyuzi 37 zinamtosha mtoto mchanga. Usitegemee namba ya kwenye mashine peke yake.

Na siku ukiambiwa kifaa kimekufa, toa fedha, muulize fundi kwanza: umepima nini, na umepata ngapi?