Na Seol-a Je?

Mwaka 1971 kituo cha televisheni cha MBC cha Korea Kusini kilirusha tamthilia ya Jang Hui-bin, mwanamke aliyeingia kasri akiwa mtumishi, akapanda hadi umalkia zama za Mfalme Sukjong, akashushwa, na mwaka 1701 akauawa kwa sumu kwa amri ya mfalme huyohuyo. Aliyeigiza nafasi hiyo alikuwa binti wa miaka 24 hivi, Youn Yuh-jung. Watazamaji walimchukia. Hawakumchukia Jang Hui-bin peke yake, walimchukia na yule binti mwenyewe. Mabango ya kinywaji alichokuwa akikitangaza yalitobolewa macho, na wenye kinywaji chao wakamweka kando.

Aprili 2021 Youn huyohuyo, sasa bibi wa miaka 73, alipokea Oscar kule Marekani, tuzo ya mwigizaji bora msaidizi wa kike, kwa filamu ya Minari. Mwezi uliofuata, jijini Goyang, jirani na Seoul, Kim So-yeon akapewa tuzo ya Baeksang ya mwigizaji bora wa kike wa televisheni. Naye aliigiza nani? Cheon Seo-jin wa The Penthouse, tamthilia ya kituo cha SBS, mwanamke ambaye maovu yake yanamfanya Jang Hui-bin aonekane mtoto mdogo. Kati ya bango lililotobolewa macho na tuzo ile kuna miaka 50 tu. Watu wa nchi ileile, na wengine bila shaka wa familia zilezile, walibadilika namna ya kumtazama mwanamke aliyekosa. Nimekuwa nikiliwaza jambo hili tangu wajukuu zangu waniingize katika tamthilia hizo, na nataka kulisema kwa sababu naona linawahusu wao na linatuhusu sisi.

Sisi ndio rika la waliotoboa macho. Hatukuwa Seoul, lakini tulilelewa na hadithi za aina hiyo. Tulisoma Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, ambamo jina la mtu lilikupa tabia yake kabla hajatenda lolote: Adili ni Adili, Hasidi ni Hasidi, Mwivu ni Mwivu. Baadaye vilipokuja vibanda vya video tukawa na stelingi na adui, na kila mtoto alijua kwamba stelingi hafi na adui hahurumiwi. Stelingi akipiga, amepiga kwa haki. Mwanamke mwenye dosari hakuwa na pa kukaa katika mpango huo, isipokuwa awe funzo kwa mabinti.

Mwaka huohuo wa 1971, hapa Tanzania, Euphrase Kezilahabi alitoa Rosa Mistika. Rosa wa Ukerewe, binti wa Zakaria mlevi, alipigwa na baba yake kwa ajili ya barua ya mvulana, akafungiwa dunia, kisha alipofunguliwa akapotea ndani yake. Kitabu kilipigwa marufuku shuleni. Sisi wasichana tulikisoma kwa zamu, kimefungwa kwa gazeti, kwa woga wa matroni. Tulipokirudisha, neno lililosikika bwenini lilikuwa moja: amejitakia. Kezilahabi alikuwa ametuwekea Zakaria mbele ya macho yetu tangu mwanzo, na fimbo yake mkononi, lakini hakuna aliyemuuliza Zakaria kitu.

Hata Wakorea hawakumuuliza Sukjong. Yeye ndiye aliyemfukuza Malkia Inhyeon mwaka 1689, ndiye aliyempandisha Jang, ndiye aliyembwaga mwaka 1694 na kumrudisha yule wa kwanza, na kila mara kundi moja la wakubwa wa serikali lilianguka na jingine likainuka. Wanaume wazima waliuawa na kuhamishwa kwa sababu ya maamuzi yake. Lakini katika tamthilia, tangu zile za zamani, watazamaji walichokisubiri ni siku ya Jang kunyweshwa bakuli la sumu.

Basi nawasifu vijana, na nawasifu kwa moyo wote. Mjukuu wangu mkubwa, akiona mwanamke anafanya uovu kwenye skrini, swali lake la kwanza ni: “Kwani bibi, huyu alifanywa nini?” Swali hilo halikuwamo midomoni mwetu. Lina rehema ndani yake na lina akili pia, kwa sababu linatafuta mkono ulio nyuma ya mkono. Mwaka 2013 SBS walimrudisha Jang Hui-bin, safari hii akiigizwa na Kim Tae-hee, wakamfanya mshona nguo mwenye kipaji anayempenda mfalme kwa dhati. Mwenye kuona hiyo na kuikumbuka ya 1971 ataona jinsi swali hilo lilivyoingia hadi kwenye meza ya mtunzi.

Ila kuna mahali swali hilo linaishia njiani, na mahali hapo panaitwa Oh Yoon-hee.

Kwa ambaye hakuitazama: The Penthouse ilianza Oktoba 2020 ikaisha Septemba 2021, sizoni tatu, mtunzi Kim Soon-ok. Ni tamthilia ya makeke, ya matajiri wa jengo la ghorofa 100 liitwalo Hera Palace, na watoto wao wanaogombea nafasi katika shule ya sanaa ya Cheong-ah. Sizoni ya kwanza pekee ilimalizika ikiwa na karibu asilimia 29 ya watazamaji nchini kwao. Walikuwapo waliolalamikia ukatili wake, hasa namna watoto wanavyomtesa mwenzao, na baadhi ya sehemu ziliwekewa alama ya watu wa miaka 19 na zaidi. Malalamiko hayo yalikuwa na haki.

Yoon-hee ni maskini kati ya matajiri hao. Alipokuwa msichana alikuwa na sauti nzuri ya kuimba kuliko wote Cheong-ah, lakini tuzo ikapewa Seo-jin, binti wa mwenye shule, na katika ugomvi Seo-jin akamkata koo kwa kombe la tuzo hiyohiyo. Sauti ikafa. Miaka mingi baadaye anahangaika na udalali wa nyumba, anamlea peke yake binti yake Ro-na, naye Ro-na anataka kuimba. Nafasi hii imeigizwa na Eugene, ambaye Wakorea wanampenda tangu alipokuwa mwimbaji wa kundi la S.E.S. mwaka 1997. Kwa uso huo na kovu hilo, nani asingempenda? Wajukuu zangu walimpenda. Mimi nilimpenda.

Kisha, sizoni ya kwanza ikikaribia mwisho, inafichuka kwamba yeye ndiye aliyemsukuma msichana Min Seol-a kutoka ghorofani, akafa. Seol-a alikuwa amefaulu kuingia Cheong-ah. Ro-na alikuwa wa kwanza katika orodha ya akiba. Seol-a alipokufa, nafasi ikawa ya Ro-na.

Nyumbani kwetu zilizuka pande mbili usiku huo. Mdogo alizima simu, akasema hamtaki tena Yoon-hee. Mkubwa akamtetea: alikuwa amelewa, hakupanga, alimwona binti yake analia, wamemnyang'anya kila kitu tangu utoto. Walibishana hadi uji ukapoa. Nilipowasikiliza niligundua kwamba katika saa nzima ile, aliyemtetea na aliyemlaani, wote wawili walikuwa wanazungumza habari za Yoon-hee tu.

Nilifundisha darasa la saba miaka mingi, na ndiyo maana ile hadithi ya orodha ya akiba ilinishika. Korea wanayo siku moja ya Novemba ambapo wanafunzi hufanya mtihani wa kuingia chuo kikuu, na kwa muda wa sehemu ya kusikiliza Kiingereza, kama dakika 35, ndege hazipai wala hazitui ili watoto wasikie. Nchi nzima inashika pumzi kwa ajili ya mtihani. Sisi hatukuwa na ndege za kusimamisha, lakini tulikuwa na nafasi chache za sekondari na watoto wengi, na mzazi wa kijijini alijua kwamba jina likitoka mwanawe amevuka, lisipotoka amebaki kwenye jembe.

Mwaka mmoja, katika shule niliyokuwa nafundisha, msichana aliyechaguliwa kwenda kidato cha kwanza alifariki kwa malaria kabla ya kuripoti. Haijapita hata arobaini, mama mmoja akaja kwangu jioni na kuku wawili wamefungwa miguu. Alikuwa jirani mwema, mtu wa kujitolea msibani na kwenye harusi, na binti yake alikuwa amekosa kwa alama chache. Akakaa kwenye mkeka, akaniambia kwa sauti ya chini: “Mwalimu, lile jina si lipo tu? Mwanangu aende nalo. Nani atajua?” Wakati huo mambo hayo yalifanyika sana, na wapo watu wazima leo ambao vyeti vyao havina jina walilopewa na wazazi wao.

Nilimkatalia, nikamrudishia kuku, nikamsindikiza hadi njia panda. Hakuwa mwovu. Nilimhurumia na bado namhurumia. Lakini tangu alipobisha hodi hadi tulipoagana hakumtaja yule mtoto kwa jina lake. Alisema “lile jina”, alisema “ile nafasi”. Na mama wa marehemu alikuwa nyumba ya tatu kutoka kwake, bado ana kanga ya msiba mabegani.

Hicho ndicho ninachokiona kwa Yoon-hee, na ndicho kinachonitia wasiwasi juu ya huruma ya vijana wetu. Huruma hiyo inamfuata anayefuatwa na kamera. Mtunzi akikupa saa 20 na mtu, akakuonyesha kovu lake, kodi yake ya nyumba, machozi yake jikoni, utamwelewa, na ukishamwelewa utatafuta namna ya kumtoa hatiani. Maiti haina sehemu mpya kila wiki. Haiwezi kujieleza. Kwa hiyo kadiri tunavyouliza “huyu alifanywa nini”, ndivyo yule aliyefanyiwa anavyosogea nyuma, hadi anakuwa sababu tu ya hadithi ya mwenzake.

Hebu tumtazame Seol-a kidogo. Alikuwa yatima aliyechukuliwa kulelewa Marekani na watu waliotaka uboho wake kwa ajili ya mtoto wao mgonjwa, na walipokwisha kuupata wakamsingizia wizi wakamrudisha. Akajifundisha hesabu hadi akaweza kuwafundisha watoto wa Hera Palace kwa kujifanya mwanachuo, maana hakuna ambaye angemlipa mtoto wa shule. Walipogundua, wakamtesa, wakamfungia ndani ya gari. Alikuwa na sauti. Alipita mtihani wa Cheong-ah bila mama wa kumsukumia mtu ghorofani. Usiku aliokufa, mama aliyemzaa, Shim Su-ryeon, alikuwa ndani ya lifti ya vioo ya jengo lilelile, akamwona msichana anapita mbele yake akianguka, asijue kwamba ni mwanawe. Kisha wakazi wa jengo wakauhamisha mwili ili thamani ya nyumba zao isishuke.

Kuna mahali popote katika maisha ya Yoon-hee pana uchungu kuupita huo? Sijapaona. Alipouawa na Seo-jin katika sizoni ya tatu, mjukuu wangu mkubwa alilia sana, akasema amelipa deni lake. Nikamuuliza amemlipa nani. Alinyamaza, akaniangalia, kisha akaniambia kitu ambacho nakiheshimu: “Bibi, mimi nalia kwa sababu ningeweza kuwa yeye.” Maneno hayo ni ya kweli, na rika langu halikuwahi kuyasema. Tuliotoboa macho tulijiona tuko mbali sana na Jang Hui-bin, na wasichana wa bwenini mwetu walijiona mbali na Rosa. Mtoto huyu wa miaka 19 anajua kwamba mkono ule ungeweza kuwa wake, chini ya shida ileile, kwa ajili ya mtoto wake. Sitaki apoteze ujuzi huo. Ninachotaka ni ajue pia kwamba angeweza kuwa Seol-a, maana kwa mtu wa hali yetu, asiye na ghorofa wala baba mwenye shule, hilo liko karibu zaidi.

Nasikia wenzangu wa umri wakisema tamthilia hizi zinawaharibu vijana, zizimwe. Siungi mkono. Sisi hatukuwa na tamthilia hizo na tulikuwa na mawe tele mikononi, na karibu yote tuliwarushia wanawake. Mwenye kutaka kuzima aanze kwa kueleza nani alimuuliza Zakaria habari za fimbo yake.

Kwenu ninyi wajukuu, ombi langu ni dogo. Endeleeni kuuliza mkosaji alifanywa nini, msituruhusu wazee tuwanyang'anye swali hilo. Lakini mkikaa kumjadili Yoon-hee, au mwanamke wa tamthilia ijayo, au jirani yenu wa kweli aliyekamatwa kwa kosa la kweli, anzeni na aliyeumizwa. Mtajeni kwa jina. Semeni alitoka wapi, alijua kufanya nini, na nani alimsubiri nyumbani usiku ule asirudi. Mkimaliza hapo, mlilieni mkosaji mnavyotaka, nami nitakaa nanyi.