Kukatika na Kukatwa

Riwaya ya Chinua Achebe, Things Fall Apart (1958), ilipotafsiriwa na Clement Ndulute mwaka 1973, ilipewa anwani Shujaa Okonkwo. Nimeifundisha tafsiri hiyo kwa miaka kadhaa, na swali linalonirudia ni hili: kwa nini msemo ambao Achebe aliuazima kutoka kwa shairi la W. B. Yeats uliachwa?

Ugumu wenyewe si haba. Kwa msemo huo mmoja Mwingereza husimulia habari za kiatu kikuukuu, ndoa, serikali na mtu aliyelemewa na majonzi. Kiswahili hudai kwanza kujua kilichoharibika: ukuta hubomoka, nguo hufumuka, ukoo husambaratika, moyo huvunjika. Aidha, msemo ule haumtaji mtendaji. Mambo huporomoka yenyewe. Kiswahili nacho kina kauli ya kutendeka, lakini kando yake ipo kauli ya kutendwa, na mfasiri hana budi kuchagua. Je, kamba ya Umuofia ilikatika au ilikatwa?

Anayeshikilia kwamba ilikatika ana methali ya kumtetea: kamba hukatikia pabovu. Osu waliotengwa, mama ambaye pacha wake walitupwa, na Nwoye aliyeumizwa na kifo cha Ikemefuna, hao ndio waliovutwa na kanisa. Anayeshikilia kwamba ilikatwa atamwita Obierika, ambaye riwayani anamlaumu mzungu kwa kukitia kisu kile kilichowaunganisha. Nionavyo mimi, Achebe hatutaki tuegemee upande mmoja. Kisu kilipita pale pabovu.

Anwani ya Kiswahili iliukwepa uchaguzi huo kwa kumweka mtu mahali pa jamii. Hasara yake si ndogo. Wanafunzi wengi huanza kwa kutafuta dosari za shujaa: hasira yake, hofu yake ya kufanana na babake. Kujinyonga kwake huwa msiba wa nyumba moja, nayo mahakama ya Mkuu wa Wilaya, faini ya kauri na kufungwa kwa viongozi sita hupitwa kama mandhari tu.

Mfasiri ajaye ningemshauri aanzie kwenye kauli ya kutendua. Chukua kitenzi "fumuka". Ndani yake mna "fuma", yaani kinatukumbusha kwamba kilichoharibika kilikuwa kazi ya mikono ya watu; na msomaji akishakumbuka hilo, hataacha kuuliza uzi ulivutwa na nani.