Hatua kwa Hatua: Kutoka Punda wa Kipini Hadi Farasi wa Kuruka

Msomaji mpenzi, ukifika Kipini, pale mto Tana unapomaliza safari yake ya kilomita 1,000 hivi na kujimwaga katika Bahari Hindi, utaona mengi ya kufurahisha macho. Utaona mikoko, minazi, miembe na mashua za wavuvi. Wenyeji watakusimulia kwamba ni huko huko alikozikwa Fumo Liyongo, shujaa wa tenzi zetu. Utaona pia punda wakipita na mizigo ya maji, kuni na nazi. Lakini farasi hutamwona.

Huenda ukadhani ni umaskini tu unaowafanya watu wa kwetu wasifuge farasi. La hasha! Katika misitu na vichaka vya sehemu hizo mna mbung'o, nzi aenezaye maradhi ya nagana, nayo ni hatari kubwa kwa farasi. Kisha kuna wadudu wadogo mno wanaouma nyakati za usiku, hasa baada ya mvua, ambao hueneza maradhi mengine yawezayo kumwua farasi katika siku chache. Punda huyastahimili zaidi mambo hayo, na si ajabu, kwa maana punda ni mwenyeji wa bara letu. Mnamo mwaka wa 2022, wanasayansi waliochunguza chembe za urithi za punda kutoka pembe mbalimbali za dunia walieleza kwamba mnyama huyu alianza kufugwa hapa hapa Afrika, yapata miaka 7,000 iliyopita.

Hata hivyo, watu wa pwani wanajua kupanda mnyama, na lugha yao yashuhudia. Punda akitembea upesi upesi bila kumtikisa mpandaji, husemwa anakwenda telki. Akianza kudundadunda, anakwenda matiti. Akiachiliwa atimue vumbi, basi anakwenda shoti. Kuna tandiko, kuna lijamu, kuna hatamu. Maneno haya nilifundishwa na mjomba wangu huko Kipini nikiwa msichana mdogo, na sikujua kwamba siku moja yangenisaidia jijini Nairobi.

Mjomba alikuwa na mtindo wake wa kufundisha. Kwanza hukupanda. Ulimpeleka punda kisimani, ukamnywesha, ukamwondoa kupe, ukazitazama kwato zake. Baada ya siku kadhaa ndipo ulipowekwa mgongoni, tena bila tandiko. Mpandaji wa punda wa pwani huketi nyuma, karibu na matako ya mnyama, miguu ikining'inia. Ukiketi mbele karibu na shingo, punda akiinamisha kichwa utateleza mpaka chini. Ukijua kuketi, ulifundishwa telki, halafu matiti. Shoti ilikuwa ya wavulana. Sisi wasichana tuliambiwa, "Nyinyi tosha hapo."

Sasa nikupeleke Nairobi. Binti yangu alipokuwa na umri wa miaka kumi, alipelekwa kutazama mashindano katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, uwanja uliofunguliwa mwaka wa 1954. Alirudi nyumbani na ombi moja tu: kujifunza kupanda farasi. Baba yake alicheka. Mimi nilihesabu pesa. Ada ya somo moja ilitosha nauli yangu ya wiki nzima ya kwenda kazini na kurudi. Mama yangu alipopigiwa simu kule Kipini alisema maneno machache: "Mtoto wa kike kutanua miguu juu ya farasi? Mwacheni asome."

Tulikubaliana, baada ya mvutano wa miezi miwili, kwamba angekwenda mara mbili kwa mwezi. Nami nikawa naketi kando ya ua, nikitazama.

Jambo la kwanza lililonishangaza ni kwamba yule mwalimu, ambaye hakuwahi kufika Kipini, alifuata utaratibu ule ule wa mjomba. Somo la kwanza lilikuwa la brashi na ndoo. Mtoto alifundishwa kumkaribia farasi kutoka ubavuni, kwani farasi haoni vyema kilicho nyuma yake kabisa, na hapo ndipo teke linapotokea. Alifundishwa kuinua mguu wa farasi na kuchokoa uchafu katika kwato. Alifundishwa kuyatazama masikio: yakielekea mbele, mnyama anasikiliza, yakilala nyuma kabisa, amekasirika.

Hatua ya pili ilikuwa kupanda huku mwalimu akimshika farasi kwa kamba ndefu, naye farasi akizunguka duara. Binti yangu hakupewa hatamu. Aliambiwa anyooshe mikono kama mbawa na ajifunze kuketi kwa uzito wake mwenyewe. Mwalimu alinieleza kwamba anayejifunza hatamu kabla ya kuketi hujishikilia kwa hatamu, na hapo humwumiza farasi kinywa kwa ile lijamu.

Hatua ya tatu ilikuwa matiti. Katika mwendo huu farasi hukanyaga kwa jozi: mguu wa mbele wa kulia pamoja na wa nyuma wa kushoto, kisha jozi ile nyingine. Ndiyo maana hudunda. Mpandaji hujifunza kuinuka na kuketi kufuata mdundo, moja-mbili, moja-mbili. Lisemwe lipi? Kwa wiki nane mtoto alidundwa kama unga kwenye chekecheke, akirudi nyumbani na mapaja yanayouma. Hakulalamika hata siku moja, ilhali kuosha vyombo kulimchosha!

Baadaye ulikuja mwendo wa hatua tatu, ulio kasi kuliko matiti lakini haujafikia shoti. Na hapa, msomaji wangu, ndipo tulipopata mtihani. Siku moja ndege aliruka ghafla kutoka kichakani, farasi akakwepa upande, na binti yangu akaanguka. Kofia yake ngumu ilimwokoa kichwa. Kifundo cha mkono wa kushoto kilivunjika.

Usiku ule nyumbani hapakulalika. Baba yake alitoa uamuzi: farasi basi. Nami, kwa kweli, moyo wangu ulikuwa upande wake. Kuanguka kutoka juu ya farasi si jambo la mzaha. Watu wazima wenye ujuzi wamepata kuvunjika uti wa mgongo na wengine kupoteza maisha. Mtoto akafungiwa chumbani na kilio chake, mkono ukiwa katika plasta.

Siku ya tatu nikampigia mama simu, nikitarajia aseme, "Si nilikwambia?" Mama akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Mwanangu, mtoto analia maumivu au analia kuzuiwa?"

Nikamjibu, "Analia kuzuiwa, mama."

"Basi mfupa utaunga. Msimvunje na pengine."

Huyu ndiye aliyekuwa mpinzani mkubwa wa jambo hili! Nilipomweleza mume wangu, tulikaa tukazungumza kwa utulivu. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye, lakini hawakusema mwana aachwe atumbukie kisimani. Tuliweka masharti. Daktari aseme kwanza kwamba mfupa umepona. Kofia inunuliwe mpya, maana kofia iliyopata kishindo kikubwa haiaminiki tena hata kama haina ufa. Na mtoto arudi nyuma hatua mbili, kwenye kamba na duara, kabla ya kuendelea. Sharti la mwisho lilimuudhi sana, lakini mwalimu alituunga mkono. Alisema hofu hukaa mwilini baada ya akili kusahau, na dawa yake ni kurudia jambo rahisi mpaka mwili uamini tena.

Ilichukua miezi mitano. Ndipo magogo membamba yakalazwa chini, yakiachana kama mita 1.3, ili farasi ayavuke kwa matiti. Hakuna kuruka hapo. Ni kujifunza kuhesabu hatua na kutazama mbele. Halafu magogo mawili yakainuliwa upande mmoja mmoja, yakapishana katikati kama herufi X. Mwisho ukawekwa mti mmoja ulionyooka, kimo cha sentimita 50.

Wengi wetu hudhani mpandaji ndiye anayemrusha farasi. Sivyo. Farasi huruka mwenyewe. Kazi ya mpandaji ni kumfikisha mahali panapofaa kwa mwendo unaofaa, kisha asimzuie. Zamani wapandaji wa Ulaya walikuwa wakijilaza nyuma farasi anaporuka, wakimvuta kinywa na kumlemea mgongo. Mwanajeshi mmoja wa Italia, Federico Caprilli, aliyefariki mwaka wa 1907, ndiye aliyewaonyesha kwamba mpandaji ainuke kidogo, ainame mbele na kuachia mikono ifuate shingo ya farasi. Hadi leo waruka farasi wa Michezo ya Olimpiki, wanaovuka vizuizi vya hadi mita 1.65, wanafuata mafunzo hayo. Na kwa wale wanaosema mchezo huu si wa wasichana, wajue kwamba wanawake waliruhusiwa kushindana katika kuruka kwenye Olimpiki tangu mwaka wa 1956, na hushindana na wanaume uwanja mmoja, kizuizi kimoja, bila kupunguziwa hata sentimita.

Siku binti yangu alipovuka ule mti wa sentimita 50, baba yake alikuwepo. Farasi alijikunja, akapaa, akatua, yote kwa muda wa kupepesa jicho. Mume wangu hakupiga makofi. Alitoa kitambaa akajifuta uso, akasema jua ni kali.

Likizo ya Agosti iliyofuata tulikwenda Kipini. Binti yangu alijitapa kwa binamu zake kwamba yeye ni mruka farasi. Wakamletea punda. Akatafuta tandiko, hakuna. Akatafuta pa kuweka miguu, hapana. Akaketi mbele kama alivyofunzwa Nairobi, akambana punda kwa visigino. Punda akasimama tuli kama mnazi, kisha akainamisha kichwa kula majani, na mruka farasi akateremkia shingoni hadi mchangani. Watoto walicheka mpaka wakashika mbavu. Mama yangu, aliyekuwa barazani, alimwita, akamwonyesha pa kuketi na jinsi ya kumsemesha punda. Hapo ndipo nilipojua kwamba mama naye aliwahi kupanda utotoni, na hakuishia telki!

Msomaji, huenda huna pesa za masomo ya farasi, na si lazima uwe nazo. Lakini mtoto wako ana farasi wake: huenda ni hesabu, kinanda, kuogelea au baiskeli. Usimrukishe hatua. Usimwonee haya akirudi nyuma hatua mbili baada ya kuanguka. Mpe kinga anayohitaji, nawe kaa kando ya ua umtazame. Na akija kwako akilia, muulize kwanza lile swali la mama yangu kabla hujatoa hukumu.

Ama ukiamua kumpeleka mtoto akajifunze farasi, basi itazame kwanza hali ya wanyama. Farasi waliokonda na wenye vidonda chini ya tandiko ni dalili ya mwalimu asiyefaa. Uliza kama kila mtoto huvaa kofia ngumu. Uliza siku ya kwanza watafanya nini. Ukiambiwa ataanza kuruka mwezi huo huo, mshike mtoto mkono, mrudi nyumbani.