Mchezo Wenye Kazi Ndani Yake



Watu wapitao nyumbani kwangu siku ya Dominika baada ya Misa huniuliza swali moja: "Karani, mtu mzima kama wewe, reli ya mbao ya nini?" Swali hilo si baya. Mimi ni mwenye familia. Kazi yangu ni kuandika vitabu vya ubatizo na vya ndoa vya parokia, na shamba langu lataka jembe kama mashamba yenu. Basi nataka kujibu hapa, maana jibu lenyewe lawahusu wazazi wote wenye vijana wa umri ule ambao si watoto tena, wala si watu wazima bado.

Parokia yetu iko kando ya reli ya kati, magharibi ya Tabora. Watoto wa huku huzaliwa wakisikia honi ya garimoshi. Wanangu wawili walipigilia waya juu ya ubao, wakafanya reli ya duara, wakasukuma behewa la bati kuzunguka na kuzunguka. Siku ya kwanza nyumba nzima ilijaa kelele za furaha. Wiki ya pili kuku walilala juu ya reli. Gari lizungukalo bila kwenda popote huchosha upesi.

Mwaka huohuo nilimpokea mtoto wa marehemu kaka yangu, kijana wa miaka 13. Alikuwa mtoto mwema, lakini tangu msiba maneno yalikuwa yamemkauka. Wanangu hawakumtesa, ila walimpita kama mtu apitavyo kisiki njiani. Ukimwuliza neno lolote, alijibu, "Ndiyo, baba mdogo," hata pale ambapo jibu la kweli lilikuwa hapana. Mama watoto aliniambia, "Mtoto huyu anaishi kwetu kama mgeni aogopaye kufukuzwa." Nilijua asema kweli.

Zamani bruda mmoja mmisionari aliniachia vitabu na magazeti yake. Katika hayo nilisoma habari za watu wa Ulaya na Marekani wajengao reli ndogo nyumbani, nao hawaridhiki kuona gari likizunguka tu. Frank Ellison wa New Orleans, Marekani, aliandika mwaka 1944 kwamba reli ya namna hiyo ni kama jukwaa la maigizo: magarimoshi ndiyo waigizaji, na ratiba ndiyo hadithi yenyewe. Huko Uingereza alikuwako padri wa Kianglikana, Peter Denny, ambaye baada ya Vita Kuu ya Pili alianza kujenga reli ndogo ya mji wa Buckingham. Vitu vyake vilikuwa vidogo mara 76 kuliko vya kweli, na nafasi kati ya chuma na chuma ilikuwa milimeta 18 tu. Aliirekebisha kwa miaka mingi mpaka uzeeni, akafariki mwaka 2009. Reli yake iliendeshwa kwa ratiba, na stesheni zilipeana habari kwa kengele. Mwanawe, jina lake Crispin, alisimamia stesheni moja. Kijana huyo alipokuwa hayupo, hakuna wa kujibu kengele. Basi padri akatengeneza mashine ya kuzijibu, akaiita Crispin wa kujiendesha! Nilicheka sana. Halafu nikafikiri: kumbe stesheni isiyo na mtu wa kujibu husimamisha reli nzima. Nikamtazama mtoto wa kaka yangu.

Tukaanza upya. Reli ya kati ya zamani ina upana wa meta 1. Yetu ikawa sentimeta 2, yaani ndogo mara 50. Kwa kipimo hicho, kila kilometa moja ya kweli ingetaka meta 20 za ubao, na baraza yangu ni fupi kuliko hapo. Kwa hiyo tulichagua stesheni nne tu: Tabora, Urambo, Kaliua na Uvinza. Kila stesheni ina ubao wake, ili mvua ikija tuuinue na kuuingiza ndani. Reli ni waya nene. Magurudumu ni ya kandambili kuukuu: kijiduara kidogo kimegundishwa juu ya kikubwa, ili ukingo ushike reli. Injini yetu haina mashine. Mkono wa mtoto ndio nguvu yake. Mabehewa mepesi yalikuwa yakianguka, tukayatia changarawe ndani. Njia ya kupishana pale Urambo haikutosha mabehewa matano, tukairefusha.

Lakini matengenezo makubwa hayakuwa ya mbao. Kila behewa lilipewa kadi yake, na ndani ya kadi hati ndogo: "Chumvi, kutoka Uvinza kwenda Tabora." Likifika, hati hugeuzwa: "Tupu, lirudi Uvinza." Tumbaku yatoka Urambo, dagaa na mawese yaja kutoka Kigoma kwa kupitia Uvinza. Tangu siku hiyo hakuna behewa liendalo pasipo sababu. Saa yetu ni ya kadibodi, na binti yangu ndiye husogeza mshale: dakika 10 za kweli ni saa moja ya reli. Hivyo kutwa nzima, kutoka saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni, hutuchukua saa 2 tu. Kila mtoto akawa stesheni masta wa mahali pake. Mtoto wa kaka yangu nilimpa Kaliua, ambako njia ya Mpanda huachana na ile ya Kigoma.

Jirani yetu, mzee mstaafu wa reli, alikuja kutazama, akakaa, na tangu hapo hakosi Dominika. Yeye ndiye aliyetufundisha sheria kuu. Njia ni moja tu, garimoshi haliruhusiwi kuondoka mpaka stesheni masta aliye mbele aulizwe, "Njia iko wazi?" naye ajibu, aandike saa katika daftari, na kutia saini. Wanangu waliona kuandika huku ni usumbufu. Nikawasimulia yaliyotokea Thorpe, karibu na Norwich, Uingereza, usiku wa tarehe 10 Septemba 1874. Karani wa simu alipeleka ruhusa ili garimoshi la upande wa pili lije, kabla mkubwa wake hajatia saini. Yule mkubwa naye akaruhusu garimoshi la upande wake liondoke. Walipotaka kuifuta ruhusa ile, jibu lilikuja kwamba garimoshi limekwisha ondoka. Hapakuwa na namna ya kuyarudisha. Yaligongana uso kwa uso, na watu 25 wakafa. Baada ya msiba huo Edward Tyer alibuni mashine ya kutoa vibao vya ruhusa: kibao kimoja kikiwa nje, mashine haitoi kingine mpaka kile cha kwanza kirudishwe. Mimi ni karani, nami kisa hicho nilikisoma mara mbili.

Sasa nifikie neno lenyewe. Dominika moja garimoshi la abiria lilikuwa Urambo, nalo limechelewa. Watoto wa majirani walikuwa wamejaa uani. Mwanangu wa kwanza aliuliza, "Kaliua, njia iko wazi?"

Mtoto wa kaka yangu alitazama ubao wake. Garimoshi la chumvi lilikuwa limeingia, lakini behewa la mwisho lilikuwa bado katika njia kuu. Akasema kwa sauti ndogo, "Hapana."

"Sema ndiyo tu, nitasukuma polepole!"

"Hapana. Behewa bado liko njiani."

Hapo yule mzee, ambaye siku zote hukaa kimya, alinguruma kama mkubwa wa reli hasa: "Kaliua! Abiria wanachelewa! Toa njia!" Nilitambua kwamba anampima. Kijana alianza kutetemeka, na midomo yake ikajikusanya kusema lile neno lake la siku zote. Sikumsaidia. Akameza mate, akasema, "Babu, siwezi. Njia haiko wazi."

Uani kote kukawa kimya. Mzee akasimama, akavua kofia. "Miaka yangu yote ya kazi," alisema, "watu walilala usingizi ndani ya mabehewa kwa sababu ya hapana kama hiyo."

Mwanangu aliketi akangoja. Garimoshi la abiria lilipoteza dakika 8, nazo kwa saa yetu si haba. Behewa lilipoondolewa, kijana aliita mwenyewe, "Urambo, njia iko wazi," akaandika saa, akatia saini: jina lake na jina la baba yake. Ilikuwa mara ya kwanza kuliona jina la marehemu kaka yangu kwa mwandiko wa mwanawe.

Wiki ileile alinijia jioni nikiwa nanoa jembe. "Baba mdogo," akasema, "nilikuambia viatu vya shule vyanitosha. Havinitoshi. Vyaniumiza tangu mwezi uliopita." Nilimwambia asante. Hakuelewa kwa nini namshukuru kwa kuniletea gharama.

Ndugu wazazi, sisemi kila nyumba ijenge reli. Wengine mna fundi seremala karibu, wengine mna ziwa na mitumbwi. Lakini mkiwapa vijana mchezo, wapeni wenye kazi ndani yake: kila mmoja awe na mahali pake, mzigo wake ujulikane watoka wapi na waenda wapi, na mwenziwe asiweze kusogea bila neno lake. Gharama yetu ilikuwa mbao chakavu, waya, misumari na gundi. Msianze na vingi. Stesheni mbili na mabehewa manne yatosha, mradi kila behewa liwe na hati yake.

Bwana wetu alitufundisha jinsi ndiyo na hapana zetu zipasavyo kuwa. Tumezoea kuwasifu watoto wajibuo ndiyo kwa kila jambo, tukiwaita wenye adabu. Yafaa tuwajaribu pia kama waweza kusema hapana iliyo ya kweli, mbele ya mkubwa, watu wakiwa na haraka. Sasa kijana wetu anapima ubao wa njia ya Mpanda. Jana nilimwuliza kama utakuwa tayari kwa Dominika ijayo, akanijibu bila kuinua kichwa: "Hapana, baba mdogo. Dominika ya pili."