Mdomo wa Sungura

Kwetu Kyela, kaskazini mwa Ziwa Nyasa, mtoto akizaliwa na mdomo uliopasuka watu husema ana mdomo wa sungura. Jambo hili si geni duniani: katika watoto 700 hivi wanaozaliwa, 1 huwa na kasoro ya mdomo au ya kaakaa. Twaandika si kwa kuwa tulilisoma kitabuni, bali kwa kuwa lilitufikia nyumbani, nasi hatukustahili kulalamika.

Miaka mingi kabla ya hapo tulikuwa na mvulana mmoja darasani aliyesemea puani. Kila zamu yake ya kusoma kwa sauti ilipofika, tulimruka. Tulijiambia ya kuwa twamhifadhi asichekwe. Kumbe twajihifadhi sisi na taabu ya kumsikiliza. Mwisho akaacha shule. Wahenga walisema, Hujafa hujaumbika.

Basi mtoto wetu wa pili akazaliwa amepasuka mdomo na kaakaa pia. Alinyonya asipate kitu, maana kinywa kilichopasuka hakiwezi kuvuta. Maziwa yakamtoka puani, naye akakonda. Majirani wakanong'ona ya kwamba mama yake alivunja mwiko, na bibi yake akataka kumnywesha uji kwa nguvu. Ndipo muuguzi mmoja alipotuketisha sote, mume, mke na bibi, akatufundisha: kamueni maziwa ya mama katika kikombe kidogo kilicho safi, mpakateni mtoto akiwa wima, wala msimlaze, gusisheni ukingo wa kikombe mdomoni, wala msimmiminie, mwacheni anywe kwa kadiri yake, mpeni kidogo kidogo, mara nyingi, kisha mpigeni mgongoni polepole apate kubeua. Bibi ndiye aliyekuwa fundi kutupita sote, na tangu siku ile minong'ono ikakoma, kwa kuwa yeye ndiye aliyewajibu majirani.

Mtoto alipopata uzani uliotakiwa, tulisafiri zaidi ya kilomita 900 mpaka hospitali ya CCBRT, Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 1994. Mdomo ukashonwa kwanza, na baadaye, alipotimiza mwaka, kaakaa. Tukadhani kazi imekwisha. La! Alipojaribu kusema "tata", yaani baba kwa Kinyakyusa, ilitoka "nana", kwa maana pumzi ilikuwa ingali ikipita puani. Mtaalamu wa usemi akatushikisha kioo kidogo chini ya pua ya mtoto: kikifunga ukungu asemapo "ta", pumzi imepotea. Tukafanya hivyo dakika chache kila siku, kwa mchezo, bila kumkaripia: pa, ta, ka. Miezi mingi ikapita. Jioni moja tulipokuwa tukianua mpunga, tukaitwa "tata" kutoka nyuma. Hatukugeuka upesi, kwa ajili ya machozi.

Kisha tukamtafuta yule mvulana. Sasa ni mtu mzima, huleta vyungu vya Wakisi kwa mtumbwi kutoka Ikombe mpaka Matema. Tukamwomba radhi. Akanyamaza kitambo, akatuuliza habari za mtoto, kisha akasema maneno marefu, puani kama zamani, nasi tukamsikiliza mpaka mwisho.

Walimu wenzetu, kama yumo mtoto wa namna hii darasani mwenu, waelekezeni wazazi wake hospitalini mapema. Na zamu yake ya kusoma ikifika, msimruke.