Mkuu wa Shule na Kura ya Mzazi

Katika baadhi ya majimbo ya Marekani, kama vile California, Georgia na North Carolina, mkuu wa shule zote za jimbo hateuliwi na gavana. Huchaguliwa na wananchi kwa kura. Husimama jukwaani akaeleza atawafanyia nini watoto, na baada ya miaka minne hurudi kwa wazazi wale wale kutoa hesabu. Wapo waliopanda kwa ngazi hiyo. Tony Evers alichaguliwa mwaka 2009 kuongoza shule za jimbo la Wisconsin, akachaguliwa tena mara mbili, na mwaka 2018 wananchi hao hao wakampa ugavana.

Sisi wa Kyela hatujapata kumpigia kura afisa elimu. Huletwa kwa barua ya uhamisho, na kwa barua nyingine huondoka. Hata hivyo kura ya mzazi haikukatazwa kabisa kufika shuleni. Katiba yetu inataka kila waziri awe mbunge, na wabunge wengi hutokana na kura za majimbo. Kwa hiyo mara nyingi mtu aliyeshika shule za nchi nzima ana mahali ambapo wazazi humwita kwa jina na kumdai. Swali langu ni hili: humdai nini? Kwa kulitafakari, nimeona vema kuyatazama maisha ya kisiasa ya marehemu Jackson Makwetta.

Ukisimama ufukoni Matema, ukayatazama mashariki maji ya Ziwa Nyasa, milima ya Livingstone imesimama kama ukuta. Ng'ambo ya ukuta huo, mbele zaidi, ndiko Njombe, nyumbani kwa Makwetta. Wananjombe walimpeleka Bungeni kwa zaidi ya miaka 30. Mwaka 1980 Rais Nyerere aliunda Tume ya Rais ya Elimu, akamfanya Makwetta mwenyekiti wake. Tume ilitoa taarifa yake mwaka 1982. Miongoni mwa mapendekezo yake lilikuwamo moja zito: kwamba kuanzia mwaka 1985 kidato cha kwanza kifundishwe kwa Kiswahili, na lugha hiyo ipande darasa kwa darasa hata ifike Chuo Kikuu mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Serikali iliyapokea mengi ya Tume hiyo, lakini hilo ililiweka kando. Na hapa ndipo siasa inapoonyesha uso wake. Makwetta alikuwa amekwisha kuwa Waziri wa Elimu, na mwaka 1983 ikamwangukia yeye kuwatangazia wananchi kwamba mabadiliko waliyokuwa wakiyatarajia hayatakuwapo. Aliyekuwa mwenyekiti wa waliopendekeza ndiye akawa msemaji wa waliokataa. Simlaumu. Waziri hubeba uamuzi wa serikali yake. Asiyeweza kuubeba hujiuzulu. Mwaka uliofuata, 1984, wataalamu wawili wa Kiingereza, Criper na Dodd, walichunguza shule zetu wakakuta kwamba Kiingereza cha wanafunzi wengi wa sekondari hakitoshi kujifunzia masomo mengine. Hata hivyo lugha ya kufundishia ikabaki ile ile.

Mimi niliingia kidato cha kwanza miaka 20 na ushei baada ya 1985, katika mojawapo ya shule za kata zilizojengwa kwa nguvu za wananchi na mpango wa serikali ulioanza mwaka 2004. Nyumbani tulisema Kinyakyusa. Shule ya msingi ilitufundisha kwa Kiswahili. Siku moja ya Januari tukavuka mlango, na kila kitu kikawa Kiingereza. Aliyesikika akisema Kiswahili alivishwa kibao shingoni, akakaa nacho mpaka amsikie mwenzake. Mwalimu wetu wa biolojia alikuwa mtu wa huruma: alieleza somo kwa Kiingereza, akatutazama machoni, akachungulia mlangoni, kisha akalirudia kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini. Elimu tuliyoipata kwake, tuliipata kwa magendo.

Nilikuwa na mwenzangu, msichana aliyetushinda sote hesabu tulipokuwa darasa la saba. Kule sekondari alinyamaza. Hakuwa mvivu, wala hakuwa mtoro. Alinyamaza tu, miaka minne. Kidato cha nne kilimwacha hapo. Leo hununua mpunga Ipinda kwa magunia na kuuza mchele Mbeya mjini. Huzijumlisha gharama za gari, mashine na ushuru kichwani kabla dalali hajatoa kalamu mfukoni. Kila nimwonapo najiuliza kama ni yeye aliyeshindwa mtihani, au ni mtihani uliomshindwa yeye.

Basi nikadhani dawa ni rahisi: tumpigie kura mkuu wa shule, naye atatusikiliza. Jambo hili nilimweleza mwalimu mmoja mstaafu, jirani wa marehemu baba yangu. Aliitikia shikamoo yangu, akanisikiliza mpaka mwisho, ndipo akasema: "Mwanangu, mimi nimehudhuria mikutano ya kampeni tangu wewe hujazaliwa. Watu huuliza madawati, huuliza nyumba ya mwalimu, huuliza daraja. Sijamwona mzazi aliyesimama akauliza: mtoto wangu anaelewa anachofundishwa?"

Maneno hayo yalinirudisha kwa mama yangu. Aliuza mchele na ndizi ili nivae sare, na alichokitaka ni Kiingereza. Mtoto akirudi nyumbani na maneno mawili matatu ya Kiingereza, mama aliona fedha yake haikupotea. Laiti angeulizwa kwa kura, angechagua lile lile lililotangazwa mwaka 1983, na angelichagua kwa mapenzi.

Mwaka 2010 Makwetta alishindwa katika kura za maoni za chama chake, na mwezi Novemba 2012 akafariki dunia. Sera ya elimu iliyozinduliwa mwaka 2015 ilikifungulia Kiswahili mlango wa kufundishia katika ngazi zote, lakini hadi leo sekondari zetu nyingi hufundisha kwa Kiingereza.

Nalojifunza katika maisha yake ni kwamba mwanasiasa hujibu anachoulizwa. Tukimdai vyumba vya madarasa, atajenga vyumba. Na hapana shaka tunavihitaji. Lakini yaliyomo ndani ya vyumba hivyo hayatajadiliwa na yeyote mpaka sisi tuyaulize, awe afisa ameletwa kwa barua au kwa kura. Iwe ni lugha moja au nyingine itakayoshinda, swali la kwanza na liwe la mzazi. Jioni mtoto anaporudi, tusiishie kutazama daftari kama limejaa. Tumwambie alifunge, kisha atueleze, kwa lugha ya nyumbani, alichojifunza leo. Akinyamaza, hapo tumekwisha kupata hoja ya kupeleka mkutanoni.