Kwa Baiskeli hadi Mkula

Mapumziko ya familia si lazima yamalize mshahara. Kipupwe kilipoingia, nasi tuliteremka basi Lamadi, karibu na Ziwa Victoria, tukaazima baiskeli na kushika njia ya Mkula, wilayani Busega; sehemu iliyokuwa ya Mkoa wa Mwanza hadi Simiyu ulipopewa hadhi ya mkoa mwaka 2012. Pembeni mwa njia, wanawake walikuwa wakichuma pamba.

Baiskeli tuliziacha kwa mzee mwenyeji wetu, tukapanda kilima cha mawe kwa miguu. Mzee alikuwa ametuasa: “Jua lisiwazamie huko. Tembo hutoka Serengeti usiku, wakaingia mashambani.”

Kilele kilikuwa karibu, lakini jua lilikwisha kuinama. Tukarudi. Binti yetu alinuna njia nzima.

Usiku tulisikia madebe yakigongwa: wenyeji walikuwa wakikesha kulinda mtama wao. Binti alimsogelea mama yake.

“Baba,” akauliza, “na hawa hupumzika lini?”

Asubuhi, kabla ya kupanda baiskeli, tulishinda saa mbili shambani kwa mzee, tukimsaidia kuchuma pamba.